Nimekaimishwa ukuu wa idara. Wakuu mliowaheshimu walikuwa wanafanya nini hasa?

Kaimu Mpya

Wakuu, habari za wikiendi.

Ijumaa iliyopita saa tisa na nusu, nimeshafunga ofisi niende zangu, mhudumu wa masijala alinikuta kwenye ngazi na kile kitabu cha kusainia barua. Nikasaini, nikafungua pale pale. Nimeteuliwa kukaimu ukuu wa idara "hadi hapo itakapoamuliwa vinginevyo". Mkuu aliyekuwepo amepangiwa majukumu mengine serikalini, na nasikia waliofuatwa kabla yangu wote walikuwa na udhuru. Mimi sikufuatwa, nililetewa barua.

Nina miaka 41, mhadhiri mwandamizi tangu mwaka juzi. Chuo ni cha umma, naomba nisikitaje. Idara ina watu 19. Wawili kati yao walinifundisha shahada ya kwanza, na mmoja wao ndiye aliyenisimamia tasnifu ya umahiri, akanirudishia sura ya pili mara tano. Kuna wahadhiri wasaidizi wanne na kila mmoja anasubiri kitu: mmoja ruhusa ya masomo, mmoja kuthibitishwa kazini, wawili sijui hata wanasubiri nini ila tangu Jumatatu wananisalimia kwa heshima ambayo sikuwa nayo Alhamisi.

Nadharia za uongozi naomba mniepushie. Tulishapelekwa semina Morogoro siku tatu, mtoa mada akatuonyesha piramidi na mishale, tukala, tukapiga picha ya pamoja. Nilichorudi nacho ni begi la nailoni lenye nembo.

Swali langu ni hili. Kila aliyepita chuoni, awe alisoma, alifundisha au alifanya kazi pale, ana mkuu wa idara au amidi (mkuu wa kitivo) mmoja anayemkumbuka kwa heshima. Nasema heshima, woga nauacha kando, maana wa kuogopwa wako wengi. Huyo alikuwa anafanya nini? Akiingia ofisini asubuhi anaanza na nini? Mtu akikosea anamwambiaje? Mkinijibu "awe mwadilifu na mwenye maono" nitashukuru, lakini nina kikao cha kwanza cha idara baada ya siku kumi na mbili.

Halafu kuna wale wazee wangu wawili. Jana mmoja kaniita "bosi" kwenye korido. Sikujua nicheke au niombe radhi.

Mchovu wa Posho

Hongera na pole, kwa mpangilio huo.

Posho ya madaraka ikishakatwa kodi inabaki ya vocha na sukari ya ofisi. Nilikaa kwenye kiti hicho miaka mitatu, sikuchapisha hata makala moja, na nilipomaliza niliulizwa kwa nini sijachapisha. Andika barua ya kukataa kwa sababu za kiafya. Shinikizo la damu halibishaniwi.

Kama huwezi kukataa, basi angalau usiitishe kikao Ijumaa mchana.

Msomi wa Kimbweta

Samahanini walimu, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, nachangia kidogo.

Muhula uliopita matokeo yalitoka, kozi moja alama zangu hazipo, imeandikwa haijakamilika. Mwalimu anasema aliwasilisha. Ofisi ya mitihani inasema haijapokea. Nikarudi kwa mwalimu, kasafiri. Sapu, yaani mitihani ya marudio, zinaanza baada ya wiki mbili na usajili unafungwa kesho yake. Nikamkuta mkuu wa idara njiani anaenda darasani, kabeba kompyuta na chupa ya maji. Nilitegemea aniambie njoo ofisini. Alisimama, akanisikiliza mpaka mwisho, akaandika namba yangu ya usajili kwenye kiganja chake kwa kalamu ya bluu. Nikajisemea hiyo imeisha, atanawa mchana akienda kula.

Saa kumi na moja jioni nikapokea ujumbe: "Karatasi yako imepatikana. 61. Usijisajili sapu."

Mambo ya seneti sisi hatuyajui. Mpaka leo nikimwona natazama mkono wake.

Mama Stensili

Mwanangu Dokta, hongera kwa kukabidhiwa watu.

Mimi si mhadhiri. Nilikuwa katibu muhtasi wa idara katika chuo kimoja tangu 1987 mpaka nilipostaafu 2019. Meza yangu ilikuwa nje ya mlango wa mkuu, na wakuu wanane wamepita mlango ule. Nilianza na mashine ya kuchapa. Mitihani tulikuwa tunairudufu usiku kwa stensili, asubuhi stensili zinachomwa moto nyuma ya jengo mbele ya mashahidi wawili, na mmoja wa mashahidi kila mara nilikuwa mimi. Nimemaliza na kompyuta. Kwa hiyo nitakueleza nilivyowaona kutokea pale mezani. Akiwa jukwaani ana kipaza sauti, kila profesa ni mkubwa.

Nianze na trei. Kila mkuu alikuwa nazo mbili, ya mafaili yanayoingia na ya yanayotoka. Mkuu wangu wa pili alikuwa msomi hasa. Makala zake zinasomwa Ulaya, wageni wanakuja kumtafuta mpaka tunaazima viti idara ya jirani. Kwenye trei yake, chini ya magazeti, lilikaa faili la kijana mmoja mhadhiri msaidizi aliyeomba kupandishwa cheo. Lilikaa miezi kumi na minne. Lilikuwa linataka aya moja na saini. Kila Jumatatu nalipandisha juu ya rundo, ikifika Ijumaa limeshazama. Kijana akapata kazi Botswana, kama walivyokuwa wanakwenda wengi miaka ile, akaondoka na mke na watoto. Mkuu alisikitika, wala hakuwa anaigiza. Aliniambia, "Tumepoteza kichwa." Nikamwangalia tu, nikaenda kuchemsha chai.

Aliyemfuata hakuwa na jina. Sijui kama huko nje kulikuwa na mtu anamjua. Lakini ikifika saa tisa na nusu trei ni tupu. Usidhani alikuwa anakubali kila kitu. Aliandika "hapana" nyingi kuliko wote wanane, ila hapana yake ilikuwa na mistari miwili ya sababu na ilitoka siku ile ile. Watu walikuwa wananiambia, mama, bora nikataliwe leo nijue pa kwenda.

Huyo huyo alikuwa na kalenda ukutani, zile za bure zinazogawiwa na mabenki mwezi wa kumi na mbili. Wengine walikuwa wanazitazama picha za mbuga za wanyama. Yeye aliandika humo kwa penseli tarehe za watu: nani anatimiza miaka mitatu kwenye cheo chake, mkataba wa nani unaisha, nani arudi lini kutoka masomoni. Miezi sita kabla anakuita. "Wewe mwezi wa sita unatimiza miaka mitatu. Makala ziko wapi?" Kuna waliokuwa wanapitia ngazi za nyuma wasikutane naye, maana makala hakuna. Lakini kwenye kipindi chake idara ilipata maprofesa washiriki watatu, na barua zao nilizichapa mimi, nikazikosoa herufi mwenyewe.

Tuje kwenye kufundisha. Somo la mwaka wa kwanza lilikuwa saa 1 asubuhi, wanafunzi wanapita mia nne, nusu wamekaa kwenye ngazi, kipaza sauti kinakoroma. Wakuu wengi walilisukuma kwa wahadhiri wasaidizi, wao wakabaki na darasa la umahiri la watu wanane kwenye chumba chenye feni. Watatu kati ya wanane walilichukua wenyewe. Na walisahihisha. Hilo la kusahihisha ndilo ninalotaka ulisikie. Kufundisha mtu anaweza kufundisha kwa kupenda sauti yake. Lakini kubeba mafurushi ya majibu kwenda nayo nyumbani, ukae nayo Jumapili watoto wanacheza, hapo hakuna sifa. Mkuu anayesahihisha akimwambia mtu alama zako zimechelewa siku nne, mtu anainamisha kichwa. Asiyesahihisha akisema hivyo, watu wanatazamana.

Sasa kisa, na hiki sijawahi kukisimulia nje ya nyumba yangu.

Mwaka 2004, kwenye kikao cha matokeo, mkuu mmoja alimwambia mhadhiri wa kike mbele ya watu wote kwamba amepoteza furushi la majibu ya wanafunzi sitini. Yule dada akasema nilikupa mkononi. Mkuu akasema hapana, hukunipa. Hakuwa anadanganya, ndivyo alivyokumbuka. Dada akatoka analia, mimi naendelea kuandika muhtasari kwa sababu hiyo ndiyo kazi yangu. Siku tisa baadaye gari la mkuu likapata pancha. Fundi akanyanyua tairi la akiba, chini yake furushi. Limefungwa na uzi wa kijani. Uzi wa kijani nilikuwa naugawa mimi, kwa hiyo hakukuwa na la kubishana.

Aliingia ofisini amelikumbatia kifuani kama kichanga. Akamwita yule dada, wakafunga mlango. Waliyozungumza siyajui. Nikadhani imeishia hapo, na kwa wengine ingekuwa imeisha. Kikao kilichofuata, tulipofika kwenye yatokanayo na kikao kilichopita, akasimama. Kawaida alikuwa anaendesha kikao amekaa. Akasema furushi lilikuwa kwenye gari langu, nilimtuhumu mwenzetu mbele yenu, namwomba radhi mbele yenu. Mimi nikaweka kalamu chini, maana mambo ya namna hiyo huwa hayaandikwi. Akanigeukia: "Andika." Nikamuuliza, niandike Mwenyekiti aliomba radhi? Akasema, "Andika jina langu."

Muhtasari ule ulisainiwa ukaingia kwenye faili. Na yule dada, nisikudanganye, hakumsamehe haraka. Alimsalimia kwa mkato karibu mwaka mzima. Naye hakulalamika.

Tena usidhani nasifia upole. Mkuu wangu wa sita alikuwa mpole kama maji ya mtungi, na idara nusura imfie mikononi. Kila aliyeingia ofisini alitoka na "ndiyo". Kozi moja aliwaahidi watu wawili. Wakakutana mlangoni mwa darasa siku ya kwanza ya muhula, kila mmoja na orodha ya wanafunzi mkononi. Nani alipokea hasira zao? Mimi, maana yeye alikuwa ameenda kuonana na amidi.

Fedha nitasema kidogo. Mmoja alisafiri Mwanza kikazi, akarudi na stakabadhi zote na shilingi 38,000 zilizobaki kwenye masurufu, zile fedha za safari, akazirudisha. Mhasibu alicheka. Lakini mwezi ule ule watu wanne ambao masurufu yao ya mwaka uliopita hayajarejeshwa walikuja kwangu mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, kuulizia fomu.

Wazee wako wawili usiwaite ofisini. Nenda. Gonga mlango, shikamoo kwanza, useme mwalimu nimepewa kazi hii, nimekuja kukuarifu mwenyewe. Ushauri usiuombe siku hiyo, watakupa tu. Na akikuita bosi, itikia "naam, mwalimu".

Babu Hesabu

Nimemsoma Mama Stensili na nimemwamini kila neno. Lakini kijana asije akaondoka hapa akidhani uongozi wa chuo ni kumaliza mafaili kabla ya saa kumi. Karani hodari naye humaliza mafaili.

Nilifundisha hisabati vyuoni miaka mingi, na kiongozi ninayemtolea mfano ni Profesa Geoffrey Mmari. Naye ni mtu wa ualimu wa hisabati, kwa hiyo nakiri upendeleo. Aliongoza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, kuanzia 1988 hadi 1991. Mtu aliyeshika kiti kikubwa kuliko vyote Mlimani angeweza kupumzika na heshima yake. Bunge lilipopitisha sheria ya Chuo Kikuu Huria mwaka 1992, yeye akawa makamu mkuu wake wa kwanza. Ninyi wa leo mnaosoma kwa simu hamwezi kujua kejeli za wakati ule. Chuo gani hakina mabweni? Chuo gani mwanafunzi ni mwalimu wa shule ya msingi aliye Sumbawanga, anasoma usiku kwa taa ya chemli na kukutana na wenzake kwenye kituo cha mkoa? Baadhi ya waliokuwa wakicheka walikuwa wenzangu wa chumba cha walimu, nami nilicheka nao kidogo, nikiri. Mwenzetu aliacha tucheke, akajenga.

Na Profesa Matthew Luhanga, mhandisi, aliyempokea Mlimani mwaka 1991 akakaa hadi 2006. Alikuta miaka migumu ya fedha, akaingia kwenye mpango wa mageuzi ya chuo uliogusa kila kitengo. Mageuzi hayapendwi na kila mtu, na kuna waliomnunia. Lakini jambo moja nililiona: mpango ulikuwa umeandikwa, unasomeka, na mtu aliweza kumbishia kwa ukurasa na aya. Mkuu wa idara naye anaweza kuwa na mpango wa kurasa mbili ambao hata mhadhiri msaidizi anaweza kuubishia. Bila huo utamaliza mafaili ya watu miaka minne na idara itabaki pale pale.

Mwalimu wa Kisumu

Nawasalimu kutoka upande huu wa ziwa. Kwetu Kenya mkuu wa idara tunamwita mwenyekiti wa idara, na masaibu ni yale yale.

Mzee Babu Hesabu ametaja wakubwa, basi nami nimtaje mmoja ambaye watu wamemsahau kama mwalimu kwa sababu wanamkumbuka kwa kupanda miti. Wangari Maathai alipata shahada ya uzamivu Nairobi mwaka 1971, wa kwanza kati ya wanawake wa Afrika Mashariki na ya Kati. Mwaka 1976 akawa mwenyekiti wa idara ya anatomia ya mifugo, mwaka uliofuata profesa mshiriki. Anatomia ya mifugo, jamani: ng'ombe mezani, harufu ya dawa ya kuhifadhia mizoga, na karibu darasa zima ni wanaume. Miaka hiyo ya chuoni alikuwa akidai wanawake walioajiriwa wapate masharti sawa na wanaume. Mhadhiri wa kike aliyeolewa alikuwa akiambiwa nyumba ni juu ya mume wake. Ungetarajia mtu akishapata cheo atulie asikiharibu. Yeye alikitumia kuwasumbua waliokuwa juu yake.

Na hapo ndipo napima wenyeviti wangu. Nimefundisha kama mhadhiri wa muda katika vyuo vitatu, na chuo kimoja, ambacho nitakiacha bila jina, hakikunilipa mihula miwili. Mwenyekiti wa hapo alikuwa akinionea huruma sana. Kila tukikutana ananishika bega. Chuo kingine mwenyekiti hakuwa na muda wa bega. Alikusanya fomu zetu za madai tarehe 3 ya kila mwezi, akazipeleka mwenyewe ofisi ya fedha, akakaa kwenye benchi pamoja na wauzaji wa karatasi na vifaa vya maabara mpaka zigongwe muhuri. Profesa mzima, amepakata bahasha. Wale wa fedha walichoka kumwona. Tulikuwa tunalipwa kwa kuchelewa wiki sita badala ya miezi tisa, na kwetu hiyo ilikuwa Krismasi.

Kwa hiyo, Daktari, kabla ya kujiuliza utawaambia nini wale 19, jiuliza ni ofisi gani huko juu utakwenda kukaa kwenye benchi lake.

Kizazi cha Mfumo

Mama Stensili shikamoo. Simulizi tamu, ila trei siku hizi hakuna. Kila kitu kiko kwenye mfumo wa kompyuta: dokezo linaingia kwenye mfumo, tathmini ya utendaji ya mtumishi iko kwenye mfumo, alama mhadhiri anaziingiza mwenyewe kwenye mfumo. Mkuu wa idara wa sasa hashiki karatasi. Anachohitaji ni kuvutia miradi na fedha za utafiti, basi. Asiyeleta mradi hata awe mtakatifu hamna anayemsikiliza.

Mama Stensili

Marahaba mwanangu. Miaka yangu mitatu ya mwisho mfumo nimeutumia. Tofauti niliyoiona ni kwamba zamani faili likilala unamsingizia mhudumu wa masijala. Kwenye mfumo inaonekana limelala kwa nani, tangu tarehe ngapi, saa ngapi. Na kuna waliompa katibu nywila yao amalizie. Mimi nimeshapewa za wakuu wawili. Wa tatu alikataa, akajifunza mwenyewe kwa vidole viwili, na miaka yake ilikuwa 58.

Mradi ni mzuri. Mkuu wangu wa saba alileta mkubwa, magari mawili. Ila kwenye orodha ya watafiti aliweka jina la kijana aliyeandika andiko lenyewe nafasi ya pili, baada ya lake. Wa kabla yake alikuwa anawaandika kwenye shukrani, ukurasa wa mwisho. Mimi ndiye niliyekuwa nachapa zote mbili, ndiyo maana najua.

Babu Hesabu, hilo la karani hodari nimelisikia. Shikamoo.

Babu Hesabu

Marahaba, mama. Nimejipiga mguu mwenyewe.

Kaimu Mpya

Wakuu, nimerudi na mrejesho, na nina swali jingine.

Wazee niliwaendea Jumatano, kabla ya kikao. Wa kwanza alinikaribisha, akanipa karanga, akaniambia mambo ya mjukuu wake nusu saa, ya idara dakika mbili. Aliyenisimamia tasnifu hakusema kitu. Alifungua droo akatoa ratiba ya muhula, kaizungushia duara saa 1 ya Jumanne, somo la mwaka wa kwanza, pale palipoandikwa "atatajwa". Akanipa kalamu. Nimejaza jina langu. Kwa hiyo, Mama Stensili, mafurushi nitabeba, ingawa kwetu wanafunzi ni 312 tu.

Kikao kilikuwa Alhamisi asubuhi, Mchovu wa Posho asante. Nilipeleka kurasa mbili kama alivyosema Babu Hesabu. Zimerudi na wino mwekundu kuliko sura yangu ya pili. Mhadhiri msaidizi mmoja, yule anayesubiri kuthibitishwa, alibisha kwa sauti inayotetemeka kuhusu mgawanyo wa mzigo wa kufundisha, na alikuwa sahihi: wanne wale wanabeba vipindi vingi kuliko sisi 15. Hilo nimelitengea wiki mbili. Benchi la kwenda kukaa nimeshalijua, ni la utumishi, kwa ajili ya faili lake.

Sasa swali. Mfumo upo, lakini kwetu si kila kitu kimehamia. Kwenye kabati la mtangulizi wangu nimekuta mafaili 27 ya karatasi. Sikutaka kupoteza muda, nikaanza kuyapanga kwa tarehe, la zamani kuliko yote juu. La zamani kuliko yote ni la Februari mwaka jana. Ni langu mimi. Ni ombi langu la likizo ya utafiti, ambalo nilidhani limekataliwa na ofisi ya amidi, nikamnunia amidi mwaka mzima na kitu. Halijawahi kutoka chumba hiki. Linasubiri aya moja na saini ya mkuu wa idara, ambaye sasa ni mimi, na tarehe ya mwisho ya mfadhili ni mwezi ujao. Kalamu ninayo mkononi. Je, nilitie saini?

Mchovu wa Posho

Saini haraka kabla hujateuliwa vinginevyo.

Mama Stensili

Usilisaini. Faili lako mwenyewe mkono wako usiliguse, hata kama ni haki yako. Andika dokezo sabili (maandishi mafupi ya ndani ya ofisi) kwa amidi, eleza kwamba mwombaji ndiye anayekaimu, kwa hiyo unaomba yeye atoe maoni kwa niaba ya idara. Ambatisha ombi kama lilivyo na tarehe yake ya zamani, usiibadilishe. Lipeleke kwa mkono, lisainiwe kwenye kitabu. Ukishatoka hapo msalimie vizuri, maana ulimnunia bure.

Yale 26 unaweza kuyaanza leo.

Kaimu Mpya

Nimelipeleka saa nane mchana, limesainiwa kitabuni. Amidi kasafiri, anarudi tarehe 14. Katibu wake kaniambia nisiwe na wasiwasi, ameliweka kwenye trei.

Nimemaliza manane kati ya yale 26.